Wanne Ndani

Kazi ya kutunza sokwe inaanza na kuhesabu. Kabla hujaingia uwanjani kufagia, lazima uwe na uhakika kwamba wote wameingia ndani ya ukumbi wao na mlango wa chuma umeshuka. Mtu mmoja anasimama koridoni, anachungulia kwenye kidirisha chenye ukubwa wa daftari la shule, anapaza sauti kutaja idadi. Mwenzake yuko upande wa pili wa ukuta ameshika mnyororo wa kushushia mlango. Akiisikia idadi anairudia, anashusha mlango, anapiga komeo, ndipo anafungua geti dogo na kuingia uwanjani na fagio lake. Hamuonani. Mnachoaminiana ni sauti tu.

Kwa miaka kumi na tisa sauti ya koridoni ilikuwa yangu na mnyororo ulikuwa wa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi, na mimi ndiye niliyemwoza dada yangu, kwa hiyo alizoea kuwaambia watu kwamba nimemtia kwenye vizimba viwili, na kwamba cha sokwe kina nafuu kwa sababu huko chakula kinatoka kwa saa.

Zamani hatukutaja idadi. Tulikuwa tunaita majina. Nagonga chuma kwa funguo mara tatu, naita "Bikizee!" na yule jike mkongwe anakuja mpaka kwenye wavu, anageuka, anabandika bega lake pale. Namgusa kwa kidole kupitia tundu la wavu, nampa kipande cha tunda. Halafu "Kisirani!" yule jike kijana mwenye fujo. Halafu "Tulia!" Halafu dume. Niliwafundisha mwenyewe kutoa bega, kwa miaka, ili daktari wa wanyama aweze kuwachoma sindano bila kuwapiga kwa bunduki ya usingizi. Kuita wote kulichukua dakika kumi.

Desturi hiyo ilikufa kwa sababu ya mtoto asiye na jina.

Tulia alizaa jike dogo mwanzoni mwa likizo za shule. Baba yake alikuwa dume letu la zamani, ambalo wakati huo lilikwisha kupakiwa kwenye kreti na kupelekwa bustani nyingine ya wanyama, kwa kubadilishana. Ofisi ilitaka damu mpya. Ndiyo tukaletewa Jemadari. Na kichanga kilipozaliwa, mkurugenzi akaweka sanduku la mbao pale getini, juu yake picha ya kile kichanga, na maandishi: MPE JINA MTOTO WETU. Kila mwenye tiketi aliandika jina kwenye karatasi na kulitumbukiza. Mshindi angetangazwa mwisho wa likizo. Sisi tulikatazwa kumwita chochote kabla ya hapo.

"Sasa tumwiteje kwenye kuhesabu?" nilimuuliza mkurugenzi.

"Kuhesabu ni namba, mzee," alisema. "Taja namba. Na hizo dakika kumi zenu watu wanasimama juani wakisubiri."

Tangu siku hiyo tukawa tunataja namba. Watano, pamoja na Jemadari, aliyekuwa akilala chumba cha kutengea kinachoonekana kwenye kidirisha hicho hicho. Kwa kuwa kichanga ndicho rahisi kusahaulika, kimejibanza tumboni kwa mama yake kama kiraka, nililizoesha jicho langu kukianza hicho. Namtafuta Tulia, natafuta ule uvimbe mweusi kifuani kwake, nasema moyoni moja, Tulia mwenyewe mbili, halafu wengine. Miezi miwili nilihesabu hivyo, mara tatu kwa siku.

Lazima niseme kuhusu Jemadari alivyokuwa, maana baadaye waliandika mengi na mengi hayakuwa kweli. Alizaliwa ndani ya bustani, mama yake naye alizaliwa ndani ya bustani. Siku ya pili alinyang'anywa ziwa, akalelewa kwa chupa ya maziwa na kuvishwa kaptula, watu wakapiga naye picha mpaka alipofika miaka mitano na kuanza kuuma. Hapo akafungiwa peke yake miaka minne. Alipofika kwetu alikuwa na nguvu za wanaume watano na hakujua salamu hata moja ya wenzake. Bikizee alipomnyooshea mkono, alimkimbia. Kisirani alipomchekea, alimpiga. Alinijua mimi tu, kwa sababu ya funguo na matunda.

Daktari wa wanyama alisema asiwekwe na Tulia mpaka mtoto afike angalau mwaka. Mimi nilisema zaidi ya hapo. Nilisema asizalishwe kabisa. Dume ambalo halikulelewa litalea nini? Na hao watoto wenyewe tunawazaa ili iweje? Wakikua kidogo, uzuri ukaisha, wanatiwa kwenye kreti. Bikizee alizaa sita, hakubaki hata mmoja.

Mkurugenzi alinisikiliza vizuri tu. Alikuwa kijana wa suti, umri wa mwanangu wa kwanza, na hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Mzee, watu wanataka kuona familia," alisema. "Baba, mama, mtoto. Bango limeshachapwa."

"Huyo si baba yake."

"Na sokwe wanaijua hiyo hesabu?"

Jumatatu asubuhi mpiga picha alikuja. Tukaamriwa tuwatoe wote uwanjani pamoja. Jemadari alimzunguka Tulia mara mbili, nywele zimemsimama. Mara ya tatu alikikamata kichanga kwa mguu. Tulia alishika mkono. Kwa muda wa kama kuhesabu mpaka kumi walivutana, mmoja huku mmoja kule, na kichanga kikalia kwa sauti hata watoto waliokuwa wamebebwa mabegani nje ya uzio nao walianza kulia. Kisha Jemadari alikinyakua, akakipigiza kwenye ukingo wa kalavati la zege, mara moja, mara mbili, akakiuma kichwa, akakiacha. Nilimfungulia mpira wa maji wa kuzimia moto, nikampiga nao mpaka akajikunyata ndani ya kalavati akijifunika uso kwa mikono. Mpiga picha alitapikia kamera yake.

Tulia alikiokota. Akakiweka kifuani mahali pake pa siku zote, akakishikilia kwa mkono kwa kuwa chenyewe hakikuweza tena kushika.

Kawaida tungemtenga Jemadari. Lakini asubuhi hiyo chumba cha kutengea kilikuwa kimejazwa makreti ya soda za likizo, na mkurugenzi akasema zitaondolewa Ijumaa. Daktari alitaka kumlaza Tulia usingizi achukue ile maiti. Ijumaa pia, alisema mkurugenzi, umati ukipungua. Kwa sasa waambieni watu mama na mtoto wamepumzika. Basi Tulia alibaki ukumbini mchana kutwa, juu kabisa kwenye rafu, na Jemadari alishinda uwanjani na wale wawili. Na sanduku la majina likabaki getini, watu wakaendelea kutumbukiza.

"Shemeji," aliniambia shemeji yangu Jumanne tukila, "nimepata jina. Ijumaa."

"Nyamaza wewe."

"Si kila kitu ni Ijumaa? Basi aitwe Ijumaa."

Hakuwa anacheka. Alikuwa ameacha chakula chake nusu.

Jumatano, saa sita mchana, niligonga chuma mara tatu waingie kula ili tufagie uwanja kabla ya umati wa alasiri. Bikizee aliingia. Kisirani aliingia akimsukuma. Nikasubiri. Nje kulikuwa na jua kali, na ukumbini, kwa aliyetoka kwenye jua, kulikuwa giza la tope. Nikachungulia. Nilijua idadi ninayoitafuta: tangu Jumatatu hatukuwa na watano, tulikuwa na wanne. Nikamwona Tulia, nikaona na ule uvimbe kifuani. Moja, mbili. Bikizee, tatu. Kisirani, nne.

"Wanne ndani!" nilipaza sauti.

"Wanne ndani!" alijibu shemeji. Nikasikia mnyororo, mlango ukashuka, komeo likapigwa. Nikasikia geti dogo. Nikasikia ndoo yake ikining'inia kwenye mshikio wake, kri, kri, kri, ikielekea katikati ya uwanja.

Kisha ndoo ikaanguka.

Sikusikia yowe kwanza. Nilisikia ndoo, halafu kicheko cha watu wa nje ya uzio, waliodhani ni sehemu ya maonyesho. Halafu ndiyo yowe. Nilizunguka ukuta mbio, funguo zinanichomoka mkononi, nikachukua beleshi lililokuwa limeegemezwa getini na kuingia.

Jemadari alikuwa amemlaza chali. Sokwe akipigana hapigi ngumi kama watu wanavyoigiza. Anakwenda kwenye mikono na uso. Mkono wa kulia wa shemeji ulikuwa ndani ya kinywa cha Jemadari mpaka kwenye kiganja, naye anautafuna huku anatikisa kichwa kama mtu anayekata uzi kwa meno. Vidole vilishadondoka, kimoja kilikuwa na pete ya ndoa. Kwa mkono mmoja Jemadari alikuwa amemshika kwenye uso, kidole gumba kimezama kwenye jicho. Shemeji alikuwa akimwita kwa jina. "Jemadari, mwanangu, Jemadari, acha." Nilimpiga beleshi la mgongo. Ni kama kupiga gunia la mchanga. Nikampiga la kichwa, kwa ubapa, kisha kwa ncha, na damu yake ikanirukia mdomoni. Hapo ndipo aliinua uso akanitazama, kipande cha mkono wa shati la shemeji kikimning'inia kwenye meno.

Nilidhani ni zamu yangu. Nilijikaza, nikainua beleshi. Lakini alikimbia. Alikimbilia mlango wa chuma, ule wa kuingilia ndani, akaanza kuupiga kwa viganja vyote viwili, akilia na kugeuka kunitazama mimi na watu wa nje ya uzio. Alitaka kuingia. Alikuwa akigonga aingie, na mlango umefungwa kwa sababu mimi nilisema wote wamo.

Nikamburuta shemeji kwa kwapa. Nje ya uzio mtu mmoja bado alikuwa amenyoosha simu anarekodi.

Gari la wagonjwa lilipoondoka nilirudi koridoni. Nilitaka kuliona lile komeo lililovunjika, maana kila mtu alikuwa tayari anasema komeo limevunjika. Komeo lilikuwa zima, limepigwa mpaka mwisho. Nikachungulia kidirishani, macho yamezoea giza sasa. Bikizee. Kisirani. Tulia. Na kifuani kwa Tulia, kile alichokuwa amekibeba tangu Jumatatu, nzi wameanza kutua machoni pake.

 Nilikaa chini pale sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilijinyea. Nalisema kwa sababu nimejiahidi kusema yote.

Alhamisi asubuhi mkurugenzi alinipa karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Ilisema kwamba mnyama, kwa hasira isiyo ya kawaida, alivunja komeo na kumshambulia mfanyakazi, na kwamba taratibu zote za kuhesabu zilifuatwa. Chini palikuwa na nafasi ya jina langu.

"Ukishasaini," alisema, "askari wa wanyamapori anakuja leo jioni geti likifungwa. Tunammaliza. Tumeshapata dume jingine, lipo njiani."

"Komeo halikuvunjika."

"Litavunjika, mzee." Akanisogezea kalamu. "Au unataka kuniambia nani alikosea? Maana mlikuwa wawili tu. Mmoja yuko hospitali."

Nilimfikiria dada yangu. Nilifikiria nitakavyomwambia. Tena, nisidanganye, nilimwona Jemadari akitafuna, na moyo wangu ukasema afe, afe leo, afe mara mbili. Nikasaini. Nina mwandiko mzuri. Nilijifunza kuandika ukubwani, darasani jioni baada ya kazi, na mwalimu alikuwa akinipa ubao niwaandikie wenzangu. Nilisaini vizuri kabisa.

Saa nane nilifika hospitali. Dada yangu alikuwa mlangoni mwa wodi, khanga imemwanguka begani bila yeye kujua.

"Kaka," alisema, "mnyama gani anavunja chuma?"

Nikampita, nikaingia wodini.

Shemeji alikuwa amefungwa bandeji uso mzima isipokuwa mdomo na jicho moja. Jicho lile lilinifuata mpaka nilipokaa kwenye kiti.

"Umekuja na matunda?" alisema. "Maana naona umekuja na sura ya mtu anayetaka kunichoma sindano."

"Pole, shemeji."

"Hesabu."

"Nini?"

Akautoa mkono wa kulia chini ya shuka. Walikuwa wameufungua kubadilisha dawa. Nesi alikuwa amekwenda kuchukua pamba. Ilibaki gumba na kidole cha mwisho, na katikati nyuzi nyeusi za kushonea.

"Hesabu, shemeji. Kwa sauti, kama siku zote. Nesi, njoo umsikie, huyu ni fundi wa kuhesabu."

"Viwili," nilisema.

"Sikusikia. Niko upande wa pili wa ukuta."

"Viwili!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Viwili," alirudia shemeji, kama alivyokuwa akirudia kila siku. "Jana ulisema wangapi?"

"Wanne."

"Na komeo nililipiga mwenyewe, kwa mkono huu. Lilikuwa zima. Nimelala macho nafikiri, huyu mtu hajakosea miaka kumi na tisa, amewapata wapi wanne?" Akavuta pumzi kwa shida. "Kisha nikakumbuka unavyoanza. Unaanza na mdogo."

"Ndiyo."

"Umemhesabu maiti."

"Ndiyo."

Dada yangu alinipiga. Hakunipiga kofi la wanawake wanaolia. Alinipiga ngumi ya sikio iliyoniangusha kutoka kwenye kiti, akanifuata chini akanipiga tena mdomoni, na mimi sikuinua mkono. Nesi na wagonjwa wawili ndio walimwondoa. "Kaka yangu!" alikuwa akipiga kelele. "Kaka yangu mwenyewe!"

Nilipoinuka, nilimwambia shemeji yaliyobaki: karatasi, saini, askari, jioni.

"Sikusamehe," alisema. "Usidhani kwa kuwa nataniana na wewe nimekusamehe. Na yule mshenzi namchukia, nikipata mkono wa kushikia nitamnyonga mwenyewe. Lakini akifa kwa komeo ambalo halikuvunjika, basi hakuna kilichotokea. Wataleta hilo dume lao, Tulia atapandwa, sanduku litarudi getini, na atakuwepo mwingine pale kwenye mnyororo anasubiri namba." Jicho lilinitazama. "Saa ngapi wanafunga geti?"

"Kumi."

"Sasa umekaa kufanya nini?"

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, mdomo umevimba, shati lina damu. Nilimkuta mkurugenzi kwenye koridori ya sokwe, pamoja na daktari wa wanyama na askari mmoja wa makamo mwenye bunduki. Nilimwambia mbele ya wote. Nilisema komeo halikuvunjika, mimi nilihesabu maiti ya kichanga kama mzima, na maiti ilikuwa pale kwa amri, na dume lilikuwa pale kwa amri, na majina tuliacha kuita kwa amri. Nilisema mnyama hakuvunja kitu. Alikuwa nje mahali tulipomwacha, akaogopa. Kosa ni letu.

Daktari alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alivuta pumzi.

"Nimekusikia, mzee," alisema taratibu. "Umekosea wewe. Lakini siwezi kukupiga risasi wewe. Watu wameona video."

"Mpelekeni kwingine."

"Nani atampokea? Wewe ungempokea?" Akamgeukia askari. "Afande, endelea."

Jemadari alikuwa peke yake uwanjani tangu jana, hakuna aliyethubutu kumfungulia. Askari alipachika mtutu kwenye tundu la ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Jemadari aliona chuma kinachomoza, akaruka. Risasi ya kwanza ilimng'oa taya la chini. Alipiga kelele isiyo na umbo, akakimbia ukuta hadi ukuta, akipanda na kuanguka, taya linaning'inia kwa ngozi, akijaribu kulirudisha kwa mkono. Ndani majike walilipuka kwa mayowe, Bikizee akijipigiza kwenye wavu. Risasi ya pili ilimpata pajani. Ya tatu iligonga zege, vipande vikaruka. Akaingia ndani ya kalavati, na damu ikawa inatoka humo polepole kama maji ya mfereji.

"Simwoni," alisema askari. Alikuwa analia. "Mzee, simwoni. Mwite atoke."

"Simwiti."

"Atakufa usiku kucha humo," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Sindano ya kumlaza haifiki ndani ya kalavati. Anakujua wewe tu."

Walikuwa wakisema kweli, na hilo ndilo siwezi kuwasamehe.

Nilitoa funguo, nikaenda kwenye wavu wa geti dogo la uwanjani. Niligonga chuma mara tatu, nikaita: "Jemadari!"

Kwa muda hakukuwa na kitu. Nikaita tena. Mkono ukatoka kwenye kalavati, halafu kichwa, kile kilichobaki. Alikuja akijivuta kwa mikono, mguu mmoja unaburuzika, mita kama ishirini, anasimama, anaendelea. Alifika kwenye wavu. Aligeuka, akabandika bega lake pale, akasubiri. Nikaingiza kidole changu kwenye tundu, nikamgusa. Lilikuwa linatetemeka, la moto. Sikuwa na tunda.

Askari aliweka mtutu nyuma ya sikio.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kazini kama kawaida. Makreti ya soda yalikuwa yameondolewa, kama alivyoahidi mkurugenzi. Niligonga chuma, nikaita majina. Bikizee alikuja, akatoa bega. Kisirani alikuja. Tulia hakushuka, lakini aligeuza kichwa. Nikaita "Jemadari," nikasubiri muda ule ule ninaosubiri wengine. Na mwisho, kwa kuwa yule mdogo hakuwa na jina, niligonga tu.

Kisha nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaandika upande wa nyuma wa bango la familia, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko ule ule niliosainia uongo. Niliandika kwamba mtoto aliye kwenye picha ni jike, kwamba aliuawa Jumatatu na dume ambalo si baba yake, lililowekwa naye kwa ajili ya bango hili. Kwamba mimi, mtunzaji wake, nilimhesabu akiwa maiti, na kwa kosa langu mtu amepoteza vidole vitatu na jicho. Kwamba komeo halikuvunjika. Kwamba dume jingine liko njiani, na tusilipokee. Nikaweka jina langu kamili.

Nilikwenda getini saa mbili na nusu, foleni imeshajipanga, nikaligandisha juu ya sanduku kwa gundi ya mbao.

Watu wa mbele walisoma, kisha wakawasomea wa nyuma.  Mama mmoja aliyeshika karatasi yenye jina aliikunja mara mbili, akairudisha kwenye pochi, akamshika mwanawe mkono na kuondoka. Wengine kama sita walimfuata. Wengine waliingia tu. Nilivyoona wengi waliingia.

Mlinzi wa geti, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuja mbio.

"Litoe, mzee. Nakuomba. Nimeambiwa kwa simu, anatazama dirishani."

"Litoe wewe."

"Mzee, usinitie majaribuni."

Nilikaa juu ya sanduku. Alinivuta, nikashikilia. Akaja mwingine. Wakanibeba, nikampiga teke mmoja wao la tumbo, naye, nadhani bila kukusudia, alinirudishia kirungu cha mdomo. Nilianguka na sanduku. Likapasuka, majina yakamwagika barabarani, mamia ya karatasi, na nilipotema mate juu yake nilitema damu na jino.

Shemeji aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki tatu. Nilikwenda kumwona nikiwa sina kazi, na dada yangu alinifungulia mlango bila kunisalimu, lakini alinifungulia. Shemeji alikuwa kwenye kiti akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Habari za getini zilishamfikia.

"Sogea," alisema. "Fungua mdomo."

Nilisogea. Alinishika kidevu kwa mkono ule wa vidole viwili, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanikodolea lile jicho lake moja. Dada yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi.

"Nahesabu mimi leo," alisema shemeji. Akayagusa meno yangu moja moja kwa mpini wa kijiko, bila haraka, juu kisha chini, akisema kwa sauti, na pale palipokuwa na pengo alisimama, akasema, "Hayupo," ndipo akaendelea.